Shajara ya mradi: kumtoa muziki Mario, kumwachia milio yake

Gemu ni Super Mario Bros. ya Nintendo, ile ya 1985. Wengi wetu tuliijua kupitia mashine bandia za Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo), zile za kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999 ndani, ukihesabu hazifiki kumi. Siku hizi naichezesha kwenye laptopu kwa emuleta ya FCEUX, yaani programu inayoiga mashine ile, kwa nakala niliyoitoa kwenye kaseti yangu kwa kifaa cha kuazima. Faili la gemu siligawi, msiniombe. Naandika baiti za kubadilisha tu, mwenye nakala yake atafuata.

Jumamosi, 8 Machi 2025: tatizo, na jaribio la kivivu

Ni Ramadhani. Baada ya futari binti yangu wa miaka tisa hukaa sebuleni na pedi, na mama yangu husoma Kurani chumba cha pili, ambacho mlango wake ni pazia. Muziki wa hatua ya kwanza unajirudia, unajirudia, unajirudia. Juzi mama akauliza kutoka ndani: "Mwanangu, hiyo ngoma haina mwisho?" Nikazima sauti yote. Hapo hapo nikashitakiwa upande wa pili: "Baba, sasa nitajuaje kama nimeruka?"

Nilicheka, kisha nikajaribu mwenyewe bila sauti nikaanguka shimoni mara tatu. Kweli, mtu huruka kwa sikio. Hata ukubwa wa Mario unausikia: akiwa mdogo, mlio wa kuruka ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo kazi ikawa hii: muziki utoke, milio ibaki. Baadaye, nikiweza, niingize muziki wetu.

Jaribio la kwanza halikugusa gemu kabisa. Chipu ya sauti ya mashine hii, 2A03, ina chaneli tano: mbili za wimbi la mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya sauti zilizorekodiwa ambayo gemu hii haina cha kuchezea humo. FCEUX inakuruhusu kushusha kila chaneli peke yake. Nikashusha ya pembetatu: besi ikatoka, mlio haukupotea hata mmoja. Nikaona nimemaliza kazi kabla ya daku. Nikashusha ya mraba ya kwanza: kuruka kukatoweka. Ya pili: sarafu zikawa bubu. Ya kelele: tofali likivunjika halisikiki.

Yaani muziki na milio wanapanga nyumba moja. Ukisikiliza vizuri utawasikia wakipishana mlangoni: Mario akiruka, sauti moja ya muziki inakatika, mlio ukiisha inarudi. Kumbuka jambo hili, litatusaidia wiki ijayo. Kwa leo, emuleta peke yake haitoshi, lazima kuingia ndani ya gemu.

Gharama: sifuri, na saa mbili za usingizi.

Jumapili, 9 Machi: kuzima mtambo mzima wa muziki

Ndani ya gemu kuna sehemu inayoitwa kila fremu (picha moja ya skrini, kama 60 kwa sekunde) kushughulikia sauti. Inaita vijisehemu vinne kwa mpangilio: milio ya mraba wa kwanza, milio ya mraba wa pili, milio ya kelele, kisha muziki. Wazo: futa wito wa nne. Wito (JSR) ni baiti tatu, inayoanza na 20 (baiti na anwani naziandika kwa heksa, namba za msingi wa 16). Weka EA tatu, yaani "usifanye kitu", basi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kipuuzi na lilinila jioni nzima. Nilipiga hesabu ya mahali pa kubadilisha kwa kutoa $8000 kwenye anwani ya kumbukumbu, nikabadilisha, gemu ikafunguka na skrini ya rangi moja, kimya. Kimya niliutaka, lakini si wa aina ile. Nilisahau kwamba faili la iNES, muundo wa kuhifadhia gemu hizi, lina baiti 16 za utangulizi kabla ya gemu yenyewe kuanza. Faili zima lina baiti 40,976: hizo 16, kilobaiti 32 za programu na 8 za picha. Nilikuwa nimechoma kitu kingine kabisa nyuma kidogo ya nilipokusudia.

Tangu hapo nimeacha hesabu za anwani. Natafuta baiti zenyewe kwenye kihariri cha heksa, hivi:

A9 00 85 FB 85 FC

Hapo ndipo gemu inapofuta foleni za muziki baada ya kuzishughulikia. Hakikisha nyuma yake kuna 20 nne zinazopishana kwa baiti mbili mbili. Baiti tatu zilizo jirani kabisa kabla ya A9 ndizo wito wa muziki. Zigeuze EA EA EA.

Ikafanya kazi! Kuruka, sarafu, uyoga, tofali, vyote vipo, na nyuma yake utulivu. Mama alisoma hadi mwisho bila kuuliza kitu.

Jumatano, 12 Machi: kumbe muziki ulikuwa saa

Malalamiko kutoka kwa mchezaji, na yote ni ya haki.

La kwanza: "Nikifa hata sijapumua naanzishwa tena." Nikatazama. Kwenye gemu ya kawaida ukidondoka shimoni kuna ule wimbo mfupi wa msiba, na gemu inakusubiri. Sikuwa nimejua kwamba inasubiri wimbo kweli: inachungulia sehemu ya kumbukumbu yenye namba ya wimbo wa tukio ($07B1), na maadamu si sifuri haisogei. Mimi nimefuta mtambo wa muziki, namba haiwekwi kamwe, gemu inadhani wimbo umeshakwisha. Ukianguka tu, skrini nyeusi. Bendera mwisho wa hatua nayo vilevile: inasubiri wimbo wa ushindi umalizike, na sasa hakuna wimbo, kwa hiyo unafukuzwa kama mgeni aliyekaa sana.

La pili ni zito zaidi. Saa ya gemu ikifika 100, kinalia kijiwimbo cha onyo kisha muziki unakimbia. Kila tarakimu ya saa ile ni fremu 24, haifiki hata nusu sekunde, kwa hiyo 100 iliyobaki ni kama sekunde 40 za kweli. Nani mwenye miaka tisa anatazama juu kulia wakati kasa anamfuata? Binti kafa kwa muda mara mbili jioni moja, na mara ya pili aliweka pedi chini akaenda kulala bila kuaga.

Kwa hiyo EA tatu nimezirudisha zilivyokuwa. Mtambo wa muziki lazima uendelee kuhesabu noti zake kama kawaida, ila usitoe sauti. Ni kama kumwambia mpiga zumari apige bila kupuliza.

Jumamosi, 15 Machi: kuudanganya muziki

Asubuhi nilijaribu njia ya mkato: kuna jedwali la masafa ya noti, nikalijaza sifuri ili kila noti iwe pumziko. Noti zote zikanyamaza, ikabaki chaneli ya kelele tu. Hata kuruka hakuna, maana milio inachota noti kwenye jedwali hilo hilo. Nikarudisha.

Mchana nikakumbuka ile habari ya kupishana mlangoni. Kabla muziki haujapiga noti kwenye chaneli ya mraba, unauliza: je, kuna mlio unaotumia chaneli hii sasa? Jibu linakaa kwenye $F1 kwa mraba wa kwanza na $F2 kwa wa pili. Likiwa si sifuri, muziki unaruka hatua ya kupiga, lakini unaendelea kuhesabu. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, na kilikuwamo ndani ya gemu tangu 1985. Kazi yangu ni kuufanya muziki uamini kwamba daima kuna mtu anatumia chaneli: badala ya kusoma jibu kwenye kumbukumbu, upewe 1 mkononi.

A6 F2 D0 iwe A2 01 D0
A5 F2 D0 iwe A9 01 D0
A4 F1 D0 iwe A0 01 D0
A5 F1 D0 iwe A9 01 D0

Hizo D0 mwishoni usizipuuze. Mimi nilizipuuza. Nilikiambia kihariri kibadilishe kila "A5 F2" kinayoiona, na milio ya chaneli ya pili ikachanganyikiwa: uyoga ukichomoza unatoa noti moja na kuganda. Sababu ni kwamba sehemu ya milio nayo inasoma $F2, kujua iendelee na mlio gani, ila kule kinachofuata ni F0 au 29, si D0. Nikaidanganya nayo ikaamini sarafu haijaisha kulia. Tafuta zenye D0 tu, badilisha moja moja kwa mkono, usiwe na haraka.

Kelele ilikuwa rahisi. Kabla ya kupiga ngoma, gemu hukagua kama hatua ni ya chini ya ardhi au ya ngome, kwa sababu nyimbo hizo mbili hazina ngoma kabisa. Nimeipanua kanuni hiyo iwe ya hatua zote: A5 F4 29 F3 F0 iwe A5 F4 29 00 F0.

Pembetatu haina mlio wowote, kwa hiyo nikaizima kwenye swichi kuu, $4015. Gemu inaandika 0F huko kila fremu, ikimaanisha chaneli nne zote ziwe hai. Toa biti ya pembetatu, inabaki 0B. Kila penye A9 0F 8D 15 40 weka A9 0B 8D 15 40.

Saa tano usiku, kimya, milio yote ipo, msiba unasubiriwa, bendera inasubiriwa. Nikalala.

Jumapili, 16 Machi: "dup"

Binti ana sikio kuliko mimi. "Baba, kuna kitu kinasema *dup*." Nikasema hakuna. Akaruka mara kumi mfululizo, na kweli, mara moja katika hizo kumi, mlio wa kuruka ulipoisha kikasikika kidoti cha besi, kifupi kama mtu aliyegusa ngoma kwa bahati mbaya.

Hii ilinichukua saa tatu na vikombe viwili vya chai baada ya futari. Mlio ukiisha, gemu huuzima kwa kuzima chaneli yake kwenye $4015 na kuiwasha tena papo hapo. Na ikiwasha, inaandika 0F, si 0B yangu. Pembetatu inafufuka kwa fremu moja. Mara nyingi haina noti ya kupiga wakati ule, kwa hiyo husikii. Lakini noti ya besi ikiangukia fremu ile ile, inapenya, kisha fremu inayofuata 0B yangu inaifunga. Sikuiona kwa sababu pale wanatumia X badala ya A (vihifadhi viwili vya prosesa): A2 0F 8E 15 40. Zipo mbili, moja kwa kila mraba. Ziwe A2 0B 8E 15 40.

*Dup* imekwisha. Nimemlipa mkaguzi soda, shilingi 700.

Jumamosi, 22 Machi: kurudisha onyo la saa

Sasa onyo la 100 nalo limenyamaa, kwa kuwa linapita kwenye mtambo ule ule. Nilitaka kuandika kijisehemu kidogo kinachosema "nyamaza isipokuwa kwa onyo", lakini pa kukiweka hapaonekani. Ile programu ya kilobaiti 32 imejazwa kama daladala ya saa kumi na moja jioni.

Kisha nikaona bahati ya ajabu. Onyo linaitwa kwa A9 40 85 FC: weka 40 kwenye foleni ya nyimbo za tukio. Foleni ya milio ya mraba wa pili iko mlango wa pili tu, FE. Na huko 40 nayo ina maana yake. Nikabadilisha baiti moja, FC ikawa FE, nikacheza hadi 100.

Kikalia kile kijiwimbo cha kuongezewa maisha. Binti akashangilia, akatazama idadi ya maisha, akanitazama mimi. Onyo la hatari linalolia kama zawadi halifai hata kidogo. Nikageuza na 40 yenyewe iwe 04, mlio wa mmea unaopanda mbinguni: mrefu, hausikiki mara nyingi, na hauna furaha wala msiba. A9 40 85 FC iwe A9 04 85 FE. Tangu hapo hajafa kwa muda.

Sehemu ya kunyamazisha imekamilika. Anayetaka kimya tu aishie hapa.

Jumamosi, 29 Machi: kupachika muziki wa nje

Kwa kuwa mtambo wa muziki unaendelea kuhesabu, gemu bado inajua wimbo gani "unapigwa". Namba iko $F4: 01 ni ardhini, 02 majini, 04 chini ya ardhi, 08 ngome, 40 nyota. FCEUX inakubali skripti za Lua (lugha ndogo ya programu), na Lua inasoma kumbukumbu kwa memory.readbyte. Mpango: skripti inaandika namba kwenye faili dogo, programu ya Python yenye pygame inalisoma faili na kupiga OGG (faili la sauti) inayohusika, ikijirudia bila kikomo.

Makosa, kwa mfuatano wake. Niliandika faili kila fremu, mara 60 kwa sekunde, na laptopu yangu ya mtumba ikaanza kuhema. Nikabadilisha iandike pale tu namba inapobadilika, na hapo muziki ukawa hauji kabisa: Lua ilikuwa inashikilia maandishi hadi yajae kabla ya kuyatupa kwenye diski, na namba moja haijazi kitu. Ongeza f:flush() baada ya kuandika.

Kisha binti akasimamisha gemu kwenda kunywa maji, muziki ukaendelea kupiga peke yake sebuleni. $F4 haijali kusimamishwa. Soma pia $0776, biti ya kwanza ikiwa 1 nyamazisha. Baada ya maisha kuisha, skrini ya mwanzo ikaja na muziki, wakati gemu hii ya asili ipo kimya pale. Soma $0770, ikiwa sifuri nyamazisha. Na $07B1 ikiwa si sifuri, nyamazisha, ili msiba ubaki msiba.

Kwa majaribio nilitumia rekodi ya dakika moja ya mimi mwenyewe nikipiga meza.

Jumamosi, 5 Aprili: marimba, chapuo na bajaji

Idi imepita, watu wana nafasi. Binamu yangu ana marimba ya vidole na chapuo, mimi nimenunua kayamba sokoni kwa shilingi 7,000 baada ya kuanzia 12,000. Tulirekodi kwa simu, tumeiegemeza kwenye mto, madirisha yamefungwa.

Mara ya kwanza bajaji ilipita. Mara ya pili jogoo wa jirani. Mara ya tatu ilikwenda vizuri hadi binamu akasema "hapo sawa" kabla sijazima. Ya nne ndiyo iliyotumika, na jogoo yumo kwa mbali kwenye sekunde ya 19. Nimemwacha.

Kosa la kiufundi lilikuwa kuihifadhi kwa MP3. Kila wimbo ukirudi mwanzo kuna kipande cha kimya, kama mtu anayekwazika kizingitini. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni wakati wa kubana. OGG haikunifanyia hivyo. Hata hivyo kwenye mshono ikabaki *tik*, kwa sababu nilikata wimbi likiwa juu. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, sogeza mkato hadi wimbi linapovuka mstari wa katikati, mwanzo na mwisho. Na mwangwi wa marimba uliobaki baada ya noti ya mwisho usiutupe: ukate, uulaze juu ya mwanzo wa wimbo, ndipo duara linafunga.

Majini tumeweka marimba peke yake, polepole. Ngome ni chapuo tu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Jumamosi, 12 Aprili: hali ilivyo

Fedha hadi leo: kayamba 7,000, pedi mpya ya USB 18,000 (ile ya zamani ilirushwa siku ya kufa kwa muda mara mbili, sikuiandika pale kwa aibu), bando 5,000, soda 700. Jumla shilingi 30,700.

Bado kuna mambo mawili. Nyota ikiisha, wimbo wa ardhini unaanza upya badala ya kuendelea ulipoishia. Gemu ya asili nayo hufanya hivyo, kwa hiyo nimeliacha. La pili ni la chini ya ardhi, ambako bado nimeweka rekodi ya meza. Binamu ameahidi kuja Jumapili ijayo na vumi ya kuazima. Mama naye, aliposikia marimba kupitia pazia, aliuliza ni redio gani ile.